Pini ya Nane

Machi 6

Leo baba kasema maneno mawili: "Siyo hiyo." Nayaandika hata viatu sijavua, maana ni siku ya tisa hajafungua kinywa ila kwa kula, na kula kwenyewe ni vijiko vitatu kisha sahani inasukumwa.

Alikuwa anaitazama picha iliyo juu ya boksi. Nimemnunulia ndege ya plastiki ya kuunganisha, ndege ya mabomu ya injini mbili, aina ile ile aliyoihudumia jeshini alipokuwa kijana, iliyopunguzwa mara arobaini na nane. Mimi na akili zangu nilidhani atafurahi. Akaigusa picha kwa ukucha, akasema siyo hiyo, akarudi kwenye kiti chake cha dirishani kutazama mvua, ambayo nayo imeanza leo.

Tangu mama atutoke mwezi wa kumi na mbili, baba amekuwa akizimika kidogo kidogo. Hospitali wanasema mwili mzima, masikio mazima, ulimi mzima. Kaka yangu, anayeishi mji wa mbali na hupenda kuamua mambo kwa simu, kaamua hivi: mvua zikiisha na baba bado hasemi, atakuja kumchukua akakae kwake, ili mimi nipumzike. Nipumzike! Nani kamwambia nimechoka? Baba akitolewa kwenye nyumba hii na kwenye kiti kile, mwaka haumalizi. Ninalijua hilo kama ninavyojua jina langu.

Basi nina msimu huu tu.

Machi 7

Kimya. Mvua.

Machi 8

Nimemuuliza siyo kivipi. Kimya. Nikafungua boksi, nikaanza kukata vipande mezani mbele yake na kubandika vibaya makusudi. Bawa la kushoto nikalipeleka kulia. Alivumilia kama dakika kumi, kisha akainuka na kuninyang'anya gundi.

Machi 10

Kumbe ndege ya kwenye boksi ni ya kiwandani, na ya kwao ilikuwa imebadilishwa na mafundi wenyewe pale kambini. Vishikizi vya mabomu vya asili vilikuwa vinakwama, wakaunda vingine vya kwao chini ya mabawa. Dirisha moja la rubani walilipunguza. Mkia waliutia bati la kiraka. Yote haya baba kanichorea nyuma ya bahasha ya kliniki, mistari imenyooka kabisa, na huyu ndiye mtu ambaye asubuhi alishindwa kufunga vifungo vya shati. Kila mchoro kauandikia vipimo, kisha kahesabu vipande kwa kidole: ishirini na vitatu. Baba kwa kuhesabu hajambo. Tangu utoto wetu vijiko vikioshwa anavihesabu, na mlango ukifungwa anaurudia mara tatu. Tulikuwa tunamcheka.

Vipande hivyo haviuzwi popote. Lakini mimi ni fundi wa meno ya bandia, na kazini tuna printa inayojenga meno kwa resini, uji mzito unaogandishwa kwa mwanga, tabaka juu ya tabaka. Mashine inayoweza gego la mtu mzima na mabonde yake yote haitashindwa na kishikizi cha bomu. Nimemwomba Bosi, ambaye ndiye daktari wa meno mwenye kliniki. Kanitazama juu ya miwani, kasema nitumie saa ya chakula cha mchana, na nisimletee vita kliniki kwake.

Machi 14

Leo nimepatikana. Nilisahau kutenganisha trei, mteja mmoja akafunuliwa meno yake ya juu, na pembeni yake magurudumu mawili na bunduki ndogo ya mkiani. Mzee wa watu akauliza hivi vinaingia wapi. Bosi bila kutabasamu akamwambia ni vipuri vya akiba.

Nimemsimulia baba. Kacheka! Kacheka hadi akakohoa, nikampa maji.

Machi 15

Unyevu umetuharibia. Vipande vitatu vimepinda, rangi haikauki. Baba kasema ndege haipakwi rangi siku ya mvua, kila mtu anajua hilo. Mimi sikujua, lakini sikubishana. Ilikuwa sentensi nzima.

Machi 22

Sikuandika wiki nzima kwa sababu nzuri. Baba anaongea. Nikirudi kazini namkuta mezani, miwani puani na msasa mkononi, na kabla sijaweka mkoba ananiuliza leo nimeleta nini. Namkabidhi vipande vya siku hiyo kwenye kikopo cha meno. Anavipima, vingine anavikataa. Kishikizi kimoja nimekirudia mara nne. Mara ya tatu nilimjibu vibaya, nikamwambia hata aliyekiunda hangeona tofauti. Akasema aliyekiunda ni yeye.

Ananisimulia habari za kambi: joto la bati saa nane mchana, mbwa aliyekuwa analala chini ya tangi la mafuta, na Kapteni, rubani wake, mrefu mpaka anakunja shingo kuingia kwenye ndege, ambaye hakuwaita mafundi "we" bali "Fundi", kwa heshima. Jana kala sahani mbili. Nimemwambia kwamba alinitisha, kwamba nilidhani nitampoteza naye kabla mama hajatimiza mwaka. Kasema, "Usijali, mama." Ananiita mama tangu nizaliwe, lakini jana nililia nikiosha vyombo.

Nimempigia Kaka nikamweka baba kwenye simu. Kaka akaishia kumuuliza hali ya hewa.

Machi 27

Kaka sasa kageuka shabiki. Anataka ndege iwekewe kibao chenye jina la kikosi, na mabomu yote manane, manne kila bawa. Kanieleza pia jambo nisilolijua, maana yeye utotoni alikuwa akitaka kuwa rubani na alijisomea mambo haya. Kila bomu lina pini ya usalama yenye utepe mwekundu, na pini ikiwa ndani bomu halilipuki. Kabla ya kuruka, fundi wa silaha anazichomoa zote, anasimama mbele ya ndege na kuziinua ili rubani azihesabu. Rubani akiridhika ananyoosha dole gumba. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya baba.

Nimemwambia baba tutie mabomu. Kasema si lazima. Nimemwambia vishikizi vitupu vitaonekana vimesahaulika. Akainuka akaenda kuhesabu madirisha kama yamefungwa.

Aprili 2

Kwenye sanduku la mama nimepata picha ya rangi, imefifia lakini inaonekana. Baba kijana chini ya bawa, kainua ngumi, na kwenye ngumi zinaning'inia tepe nyekundu. Uso ule! Sijawahi kumwona baba akijivuna namna ile.

Nimeamua kumshtukiza. Nitachapa mabomu manane bila yeye kujua. Pini nitazitengeneza kwa waya mwembamba wa shaba tunaotumia kliniki, na utepe kwa uzi wa kushonea. Atafurahi akiziona.

Aprili 5

Kufunga uzi kwenye pini yenye unene wa unywele ni adhabu. Nimebakiza tatu. Mvua haijaacha tangu Jumanne.

Aprili 8

Sijui nimefanya nini.

Nilimwambia afumbe macho. Ndege ilikuwa mezani, rangi imekauka vizuri, mabomu manane yamekaa, na kila moja lina pini na utepe wake. Akafumbua macho. Nilikuwa natazama uso wake, kwa hiyo niliona. Kwanza akaanza kuhesabu, midomo inacheza. Kisha mkono wake ukaenda moja kwa moja chini ya bawa la kulia, kwenye bomu la mwisho kabisa, akalishika kwa vidole viwili, asiliachie.

"Nani kakwambia uweke pini?"

Nikamwambia nimeona kwenye picha, na Kaka kanieleza. Akauliza mama yangu kaniambia nini. Nikamwambia mama hakuwahi kuniambia chochote. Akaniangalia kama mtu anayepima kama unasema kweli, na baba hakuwahi kunipima hivyo maisha yangu yote. Akaenda chumbani, akafunga mlango. Hakuurudia.

Aprili 9

Kimya.

Aprili 10

Kimya. Hakula. Bosi kaniambia nimempimia mteja taya la mtu mwingine, niende nyumbani.

Aprili 11

Vijiko vitatu. Mvua, mvua, mvua.

Aprili 12

Kaka kaja bila taarifa, baada ya mimi kumwambia ukweli kwenye simu kama mjinga. Kaingia na viatu vya tope, kamkuta baba kitandani kageukia ukuta. Akaniita jikoni akanifokea kwa sauti ya chini, ile inayouma zaidi. Kasema mtu mzima anakabidhiwa mzazi, anamchezea na midoli. Kasema Jumamosi ijayo anamchukua, mvua iishe isiishe.

Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika. Kaenda kulala kwa rafiki yake. Nimeichukua ndege nikataka kuitupa, nikashindwa, nikaisukuma nyuma ya kabati.

Aprili 14

Baba kasema. Naandika kabla sijakaa sawa, nisije nikaanza kuyapunguza.

Nilirudi mapema, nikamkuta dirishani, ndege kaitoa nyuma ya kabati na kaipakata. Akaniambia nikae. Akasimulia bila kunitazama.

Ilikuwa safari ya mwisho ya vita, asubuhi, mvua kama hii. Mabomu manane. Pini saba zilitoka. Ya nane, ile ya mwisho bawa la kulia, ilikuwa imepinda, ikagoma. Kanuni ilikuwa wazi: fundi anafanya ishara ya kukataa, injini zinazimwa, bomu linashushwa, safari inachelewa, na jina la fundi linaandikwa. Nyuma ya Kapteni kulikuwa na ndege nyingine tatu zinanguruma kwenye foleni. Jina la baba halikuwahi kuandikwa. Mfukoni alikuwa na pini ya akiba yenye utepe wake. Akaichanganya na zile saba, akaenda mbele, akainua ngumi. Kapteni kule juu akatazama kupitia kioo chenye maji, akanyoosha dole gumba, akaondoka.

"Nilijiambia bomu lisilolipuka limemdhuru nani," baba kasema. "Hata nikajisifu kidogo. Nikajiambia labda nimeokoa mtu."

Miezi mitano baada ya vita, kantini, mwenzao wa kikosi cha kutegua mabomu alikuwa akila karibu naye, anasimulia kama mtu anavyosimulia ya kazini. Huko shambani, mvua zilipofukua udongo, watoto wawili walikuta chuma kina kamba nyekundu inaning'inia. Wakaivuta. Walipambana nayo mpaka ikatoka, kisha wakawa wanakibiringisha kile chuma kukipeleka nyumbani. Mmoja alikuwa na miaka saba, mwingine tisa. Mwenzao yule kamaliza kusimulia kaomba chumvi. Baba alimpa.

Nilimuuliza kwa nini hakusema. Kasema alisema. Alimwambia mama. Miaka arobaini na moja, ikimjia, anamwambia mama, na mama anamwambia, "Nimesikia, baba watoto," basi, inapita mpaka siku nyingine.

"Sasa mama yako hayupo. Nimwambie nani?"

Nilikuwa hapo mbele yake. Ningeweza kusema niambie mimi. Sikusema. Nilienda jikoni nikafungua bomba la maji nikasimama.

Aprili 15

Nimemkasirikia baba. Naandika hapa kwa sababu siwezi kumwambia mtu. Kwa muda wa kama saa tatu leo nilimchukia, mzee wa miaka sabini na minne aliyenifundisha kuendesha baiskeli. Kazini nimechonga magego mawili, na kila nikiyakagua nasikia sauti yake: kila kitu kihakikiwe mara mbili, mwanangu. Alipata wapi uso wa kuniambia hivyo?

Halafu nikawaza, ndiyo maana aliniambia hivyo.

Na kuna jingine. Yale saba je? Yalilipuka kama yalivyotakiwa, na huko yalikoangukia nako kulikuwa na watu. Hayo hayamwamshi baba, hakuyataja hata kwa bahati mbaya. Na mimi niliyachapa kwa furaha, saa ya chakula, karibu na meno ya watu, nikayapaka rangi, nikapuliza yakauke. Nilikuwa najua ni mabomu. Sijui nilidhani ni nini.

Aprili 16

Jioni nimeenda kukaa karibu naye. Nimemwambia, "Nimesikia, baba." Akaendelea kutazama dirishani. Kisha kasema mimi siye. Hakusema kwa ubaya. Kasema mtu wa kuambiwa yuko, na hakuwahi kumwambia, na kabla Kaka hajamchukua anataka nimpeleke kwa Kapteni.

Aprili 17

Kapteni anakaa upande wa pili wa mji, nyumba ya ghorofa, chumba cha chini kwa sababu ya mguu. Kisukari kimemla vidole viwili. Binti yake alitufungulia, akatuambia mzee amenyolewa ndevu kwa ajili yetu. Nilimpa shikamoo, akaniitikia kama kwaya nzima. Alipomwona baba akajaribu kuinuka, mguu ukakataa, akabaki kanyoosha mikono juu: "Fundi!"

Ndege nilikuwa nimeibeba kwenye boksi la viatu, na baba ndiye aliyeitoa. Mabomu yote yamo, pini zote zimo. Kapteni akaichukua kama mtoto mchanga. Alifurahi, jamani, alifurahi mpaka nikaogopa. Akatambua kiraka cha mkiani, dirisha lililopunguzwa, akapeleka ncha ya kidole kwenye kiti cha rubani akasema hapo ndipo mgongo wake ulipoharibikia. Akamwambia binti yake aje aone. Binti akaona, akarudi zake jikoni.

Baba alikuwa amekaa ukingoni mwa kiti, magoti pamoja, kama aliyeitwa ofisini. Akasema yote kwa pumzi moja. Safari ya mwisho, mvua, pini saba, ya nane alimwonyesha ya mfukoni. Kisha kantini. Kisha watoto.

Kapteni hakuuliza baba ana uhakika gani. Alikuwa bado kashika ndege.

"Fundi," akasema, "mimi sikuwahi kuhesabu."

Baba akasema hajaelewa.

"Pini. Sikuwahi kuzihesabu hata siku moja. Marubani wengine walikuwa wanahesabu, mimi nilikuwa naona mkono wako juu, naondoka. Nilikuwa najisifu kwao. Nawaambia, mimi fundi wangu hahesabiwi."

Nilimtazama baba. Nilidhani atalia, au atapumua. Hakufanya lolote kati ya hayo. Alikuwa kakunja uso kama ninavyomwona akikataa kipande nilichomletea.

"Ungeinua mkono mtupu," Kapteni akasema taratibu, "ningeondoka."

 Mvua ilikuwa inapiga kwenye masufuria ya mtu huko nje. Kapteni akauliza watoto walikuwa wangapi, ingawa alikuwa ameshaambiwa, na baba akamjibu, na Kapteni akauliza umri, na baba akamjibu tena. Kisha Kapteni akatoa kidole chake kwenye kiti cha rubani, akaniomba nichukue ndege niiweke mahali asipoiona. Nikaifunika. Tulipoaga aliushika mkono wa baba akakaa nao muda mrefu mpaka binti yake akamkumbusha dawa.

Kwenye teksi baba alikuwa mbele, mimi nyuma. Tulifika nusu ya njia ndipo akasema, kwa dereva au kwangu, sijui: "Ningejua hazihesabu, ningemwambia."

 Dereva akapandisha kioo.

Aprili 19

Jumamosi. Jua limetoka, barabara inafuka mvuke. Kaka kafika saa tatu na begi la kumfungia baba nguo. Kamkuta kaamka, kaoga, kavaa shati na vifungo vyote mahali pake. Baba kamwambia aweke begi chini akae, ana jambo. Nikatoka nje nianike, nikakaa huko hadi nguo zikaisha kwenye beseni. Nilipoingia Kaka alikuwa kashika kichwa.

Baba hajanyamaza tangu hapo. Sijatia chumvi. Kaongea akinywa chai, kaongea akiota jua barazani, mchana kaongea huku chakula kinapoa. Ni hayo hayo. Pini iliyopinda. Ndege tatu kwenye foleni. Saba na tisa. Anarudi nyuma, anasahihisha, anasema mkubwa ndiye aliyevuta, kisha anasema hapana, hilo hakuambiwa, hilo kaliongeza mwenyewe, tulifute. Anatutazama machoni mmoja mmoja kuhakikisha tumesikia. Jirani aliyekuja kuomba kamba kapewa yote pale mlangoni.

Kaka kanifuata jikoni tena. Begi kalirudisha garini, hilo la kumchukua limekwisha, hata hakulitaja. Macho yamemwiva. Kaniuliza kama hakuna dawa ya kumtuliza, kama siwezi kumwambia baba apumzike kidogo, hata nusu saa tu, maana haya hayasikiliziki. Kasema afadhali vile alivyokuwa.

Nikamwambia rudi ukakae naye.

Kasema, "Ataanza tena mwanzo."

Nikamwambia ndiyo, ataanza. Nikamimina chai vikombe vitatu, nikatangulia.